Namba ya Mtu Mwingine: Uchambuzi wa Kisa cha Klabu ya Jogging Kwenye Nusu Marathoni

Klabu ya jogging ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam ilisafiri kwenda kukimbia nusu marathoni katika mji wa kaskazini mwa Tanzania. Mwanachama mmoja alianguka njiani akiwa amevaa namba ya kifuani ya mwenzake. Alipona. Lakini kati ya kuanguka na kupona yalitokea mambo ambayo klabu nyingi hazijayafikiria pale mtu anapoambiwa, "Mimi siendi, chukua namba yangu ukimbie." Majina, mtaa, mji na mbio vimeondolewa. Mwenye namba nitamwita Bi A, aliyeivaa Bi B, na mwanachama aliyewakuta wahudumu wakimhudumia Bi B nitamwita Kaka C.

Klabu na wanachama wake

Dar es Salaam ina klabu nyingi za aina hii. Jumamosi na Jumapili alfajiri utawaona na fulana za rangi moja, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, mtindo wa mchakamchaka ambao wengi waliuzoea shuleni au JKT. Wakimaliza kuna supu. Mara kwa mara kuna bonanza na klabu jirani, na hapo ndipo majigambo yanapotafutiwa uthibitisho. Zaidi ya kukimbia, klabu ni chama cha kuzikana: mwanachama akifiwa kuna mchango, kuna watu wa kulala msibani, kuna sufuria za kuazima.

Klabu hii ilikuwa na wanachama wapatao 60, wengi wao kati ya miaka 30 na 50. Wengi walijiunga baada ya kuambiwa na daktari wapunguze uzito au waanze mazoezi kwa sababu ya presha au sukari. Wachache walitaka kushindana, na wachache hao walipata nguvu mpya Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo. Alitumia saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho iangaliwe. Wiki ile, mwalimu wa mazoezi alisimulia, mahudhurio ya Jumamosi yaliongezeka, na mtu akauliza kwenye grupu la WhatsApp kwa nini klabu haijawahi kwenda mbio za nje ya mkoa.

Wakachagua nusu marathoni yenye kundi la klabu. Masharti yake yana uzito katika kisa hiki: kila klabu inajumlishiwa muda wa wakimbiaji wake wanane bora, na kati ya hao wanane lazima wawemo wanawake watatu. Anayetumia zaidi ya saa tatu hahesabiwi. Waliojiandikisha nusu marathoni hiyo, yaani kilomita 21, walikuwa 11, wakiwemo wanawake watatu tu, Bi A mmojawapo. Wanachama wengine 14 walijiandikisha mbio za kujifurahisha za kilomita 5, Bi B akiwa miongoni mwao.

Maandalizi

Hapa nitapita haraka, maana yalikwenda vizuri. Njia ya mbio hupanda kilomita kumi za kwanza kuelekea mlimani, kama mita 300 kwa jumla, kisha hugeuza na kushuka. Mtu wa pwani aliyezoea lami ya barabara ya Kawawa na mchanga wa ufukwe wa Coco hana misuli ya kazi hiyo, kwa hiyo mwalimu aliwahamishia wale 11 kwenye vilima vya Pugu na Goba kila Jumamosi kwa wiki kumi. Aliwagawa katika vikundi vitatu vya mwendo, jambo lililozua manung'uniko. Klabu ilikuwa imezoea kukimbia kama kundi moja, na kuimba kunadai mwendo mmoja. Mwalimu alishikilia msimamo wake: kwenye mlima kundi moja lingewachosha wa polepole na kuwachelewesha wenye kasi. Alisema kweli, na matokeo ya siku ile yalimthibitisha.

Kundi la 5K halikuwa na programu ya peke yake. Liliendelea na jogging za kawaida za kilomita 6 hadi 8. Umbali mrefu zaidi ambao Bi B alikuwa amewahi kukimbia ni kilomita 12, tena miezi kadhaa nyuma.

Msiba wa Alhamisi

Alhamisi ya wiki ya mbio Bi A alifiwa na baba yake mdogo. Safari kwake iliishia hapo. Klabu ilichanga rambirambi, wanachama watatu walibaki msibani, na Ijumaa usiku waliosalia walipanda Kosta kuelekea kaskazini. Walifika asubuhi wamechoka, wakapanga lodge, na katibu akaenda kuchukua fulana na namba za watu wote akiwa na nakala za vitambulisho alizokusanya kabla ya safari. Mezani pale aliulizwa idadi, akaonyesha nakala, akapewa mfuko. Hakuna aliyekagua sura ya mtu.

Namba ya Bi A ilikuwa ndani ya mfuko huo.

Jioni walikaa uani kwenye lodge. Bila mwanamke wa tatu klabu isingehesabiwa kabisa kwenye kundi la klabu. Mweka hazina akakumbusha kwamba ada za wakimbiaji 11 zilitoka kwenye mfuko wa wote. Zilizungumzwa njia nne. Ya kwanza, kuachana na kundi la klabu, kila mtu akimbie kwa muda wake. Ya pili, kutafuta mwanamke mwenzao aliyekuwa tayari kwenye mbio hizo; alikuwepo mmoja, lakini alikuwa amesajiliwa na timu ya kazini kwake. Ya tatu, kwenda kwa waandaaji kuomba jina libadilishwe. Mtu mmoja alisema dirisha la kubadili majina lilifungwa wiki mbili nyuma, na njia hiyo ikaachwa bila yeyote kwenda kuuliza. Ya nne ilikuwa namba ya Bi A ivaliwe na mwingine.

Ujumbe wa Bi A ndio uliomaliza mjadala. Alikuwa ameandika kutoka msibani: "Nendeni nayo, isipotee bure. Mniwakilishe." Mwenyekiti aliusoma kwa sauti, watu wakanyamaza kidogo, kisha macho yote yakamgeukia Bi B. Miongoni mwa wanawake wa kundi la 5K ndiye aliyekuwa na mwendo mzuri.

"Dada, utuokoe," mwenyekiti alimwambia. "Hata ukitembea, mradi uingie ndani ya saa tatu."

Bi B alijibu, "Sawa, Mwenyekiti. Panaponishinda nitatembea."

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akamalizia kwa kumkumbusha kila mtu habari ya John Stephen Akhwari, ambaye Mexico mwaka 1968 aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki na bado akamaliza, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Ni simulizi inayopendwa sana katika riadha ya nchi hii, na siku ya kawaida haina madhara.

Mwalimu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuikagua njia. Alipoambiwa usiku alikunja uso, lakini namba ilikuwa imeshagawiwa, na alichofanya ni kumpangia Kaka C, mwenye goti bovu ambaye hata hivyo asingekimbia kwa nguvu, aende mwendo wa Bi B mwanzo hadi mwisho. Uamuzi huo mdogo ulikuja kuwa na maana kubwa.

Asubuhi ya mbio

Bi B ana kisukari cha ukubwani. Anameza glibenclamide, dawa inayoisukuma kongosho itoe insulini zaidi, na kliniki ilikuwa imemwelekeza kuimeza pamoja na chakula cha asubuhi. Katika klabu nzima aliyejua ni mtu mmoja, mwenzake wa chumbani katika safari hiyo. Hakuwa amewaficha wengine kwa hila. Alikuja kwenye jogging ili aache kuitwa mgonjwa, na kwa kilomita 6 za Jumamosi hapakuwa na haja ya kutangaza.

Kilomita 5 zilikuwa zianze saa 2:00 asubuhi, na lodge ilitoa chai kuanzia saa 1:00. Kwa ratiba ile angekula, angemeza dawa, angekimbia kama nusu saa na ushei, angerudi. Kilomita 21 zilianza saa 12:30. Gari liliondoka lodge saa 11 alfajiri, jiko likiwa bado limefungwa. Bi B alimeza kidonge chake kama kila siku, akanywa chai ya kwenye chupa, isiyo na sukari kama alivyozoea, na akamega nusu andazi. Mwingine alimwambia asishibe, atachomwa na kichomi.

Namba ilikuwa na jina la Bi A mbele. Nyuma palikuwa na sehemu iliyojazwa kutoka kwenye fomu ya usajili: jina kamili, namba ya simu ya ndugu wa dharura, na mahali pa ugonjwa au mzio pameandikwa "hakuna". Bi B aliibana kwa pini nne na hakuigeuza.

Kilomita ya 13

Mlima aliupanda vizuri, akitembea sehemu za mwinuko mkali. Aligeuza kilomita ya kumi baada ya saa 1 na dakika 20, mwendo ambao ungemwingiza kabla ya saa tatu. Vituo alivyopita vilikuwa na maji, akayanywa. Vinywaji vya sukari vilikuwa mbele zaidi, upande wa kushuka.

Karibu na kilomita ya 12 Kaka C alichepuka kujisaidia na kumwambia atangulie. Dakika chache baadaye Bi B alianza kutetemeka mikono na kutoka jasho la ajabu, ingawa walikuwa wanashuka kivulini. Alikuwa anakwenda upogo. Watazamaji walidhani ni uchovu: "Jikaze dada, umebakiza kidogo!" Mama mmoja aliyekuwa na ndizi alitaka kumpa, akaambiwa asimlishe mtu aliyechoka vile, atatapika. Bi B anakumbuka alikuwa anamfikiria Akhwari. Kisha hakumbuki.

Msimamizi wa njia alimwona akikaa kwenye ukingo wa mtaro na kuanguka ubavu. Aliita kwa redio, na wahudumu wa afya walifika ndani ya dakika tano au sita, kwa mbio za barabarani kasi nzuri sana. Wakamlaza kivulini, wakamwinua miguu, wakamtazama joto na mapigo. Na kama inavyofundishwa, wakampima ufahamu kwa maswali.

"Unaitwa nani, dada?"

Bi B, kwa sauti ya kukokota, alitaja jina lake.

Mhudumu akatazama namba. Jina halikulingana. Akauliza tena, akapata jibu lilelile. Kwenye karatasi yao ikaandikwa kwamba mgonjwa hajui jina lake. Swali moja alilolijibu sawasawa lilihesabiwa kosa, na lilipoungana na yale aliyoyakosa kweli kweli, picha waliyopata ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa kabisa ambaye nyuma ya namba yake pameandikwa hana ugonjwa wowote. Wakimbiaji wanaoanguka wakiwa wamechanganyikiwa hushukiwa kwanza joto kali la mwili, au chumvi ya damu kushuka kwa kunywa maji kupita kiasi. Walianza na joto. Mmoja alikuwa anaandaa dripu, mwingine akapiga simu iliyokuwa nyuma ya namba.

Kaka C alifika hapo. Alisikia wakimwita Bi B kwa jina la Bi A, naye akasita. Alinieleza bila kuzunguka: alijua akisema ukweli klabu imekwisha. Alikadiria alinyamaza dakika moja, labda mbili. Kisha akasema, "Samahani daktari, huyu siye. Hiyo namba si yake." Akampigia katibu, katibu akampata mwenzake wa chumbani aliyekuwa kwenye kundi la 5K, na jibu likaja kwa sauti ya juu kiasi kwamba mhudumu alilisikia bila kupewa simu: "Ana sukari! Anameza vidonge!"

Kipimo cha kidoleni kilisoma milimoli 2.3 kwa lita. Chini ya 4 huhesabiwa sukari imeshuka, na alipokuwa ndipo mtu hupoteza fahamu. Walimpa sukari kwa mshipa, akafumbua macho baada ya dakika chache, akauliza kama muda umeisha.

Simu iliyofika msibani

Namba ya dharura ilikuwa ya kaka yake Bi A. Alikuwa kwenye turubai na wanaume wenzake, asubuhi ya siku ya pili baada ya mazishi. Sauti asiyoijua ilimtajia jina kamili la dada yake na kumwambia ameanguka mbioni, hajitambui, anahudumiwa.

Kaka mtu alijua dada yake hakusafiri. Lakini usiku ule Bi A alikuwa amelala nyumba nyingine, kwa mama yao, na simu yake ilikuwa imezimika chaji. Mtu aliyetoka kuzika juzi hapimi mambo kwa utulivu. Alidhani huenda alitoroka kwenda kuwafurahisha wenzake wa klabu. Alimweleza shangazi, shangazi akapiga yowe, na habari ikafika jikoni kabla ya mtu yeyote kumfuata Bi A mahali alipo. Ilipita zaidi ya nusu saa hadi alipoonekana amesimama mlangoni, mzima, hajui wanalilia nini.

Wahudumu walikuwa wamepiga simu ileile ambayo wangepaswa kuipiga. Hawakukosea kitu.

Matokeo

Bi B alilazwa hadi Jumatatu. Sababu ya kumzuia ni dawa yenyewe: glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, na sukari iliyopandishwa inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye mgonjwa akiwa anaonekana mzima. Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili jioni ilishuka hadi 3.4 wakaiwahi. Mwalimu na mwenzake wa chumbani walibaki naye, Kosta ikarudi na wengine.

Klabu iliondolewa kwenye kundi la klabu na kuzuiwa kushiriki kundi hilo mwaka uliofuata. Muda wa mtu mmoja mmoja uliachwa. Na hapo kuna uchungu wa ziada: tisa kati ya wale kumi waliokimbia kwa namba zao walipata muda bora kuliko waliotarajia, na wa kwanza wao aliingia kwa saa 1:24. Mpango wa vikundi vya mwendo ulikuwa umefaulu.

Mwenyekiti, katibu na wazee wawili wa klabu walikwenda nyumbani kwa kina Bi A kuomba radhi. Walipokelewa. Kaka mtu aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema amesamehe, na akaomba namba yake isitumike tena kwenye fomu yoyote ya klabu.

Uchambuzi: namba hubeba nini

Katika kikao cha tathmini wengi walitaka kuufunga mjadala kwa kauli moja: Bi B angesema anaumwa, yasingetokea. Sikubaliani, na nililisema pale pale.

Bi B alijiandikisha kilomita 5, na kwa kilomita 5 alikuwa amejipanga sawasawa: chakula, dawa, muda, umbali anaoumudu. Kilichobadilika ni mbio aliyowekwa, jioni ya kuamkia siku ya mbio. Namba aliyovalishwa ilimbadilishia vitu vinne kwa mkupuo. Umbali uliongezeka zaidi ya mara nne. Muda wa kuanza uliwahishwa kwa saa moja na nusu, ukala kifungua kinywa chake. Jina lake likafutika. Na taarifa za afya zikawa za mtu mwingine. Watu waliokaa uani waliona kitu kimoja tu, yaani chipu itakayopita juu ya mkeka wa kupimia muda.

Tena aliombwa mbele ya watu 20, kwa heshima zote, na mtu mkubwa, baada ya kusomwa ujumbe wa mfiwa. Ili akatae alipaswa kutoa sababu, na sababu aliyokuwa nayo ni ile ambayo hakutaka iwe mazungumzo ya kwenye supu. Ombi la aina hiyo linamwachia mtu mlango mmoja. Kama mwenyekiti angemvuta pembeni na kumuuliza, "Dada, kuna chochote mwilini mwako tunachopaswa kukijua kabla hatujakuomba hili?", nina hakika jibu lingekuwa tofauti. Bi B mwenyewe ananiambia hivyo.

Wema nao ulichangia, na hili ndilo gumu kulisema ndani ya klabu zetu. Bi A alitoa namba kwa moyo safi. Kuikataa kungeonekana kuukataa mkono wa mtu aliye msibani. Hakuna aliyevunja kanuni kwa tamaa ya zawadi, ambayo kwanza ilikuwa ndogo kuliko nauli ya Kosta. Walivunja ili sadaka isipotee, na kwa sababu hiyo hakuna aliyehisi kuna kitu kinavunjwa.

Njia ya kwanza, kuachana na kundi la klabu, isingewagharimu chochote zaidi ya walichopoteza baadaye. Wakimbiaji kumi wangerudi na muda wao, Bi B angemaliza kilomita 5 zake, na adhabu isingekuwepo. Njia ya tatu ilikufa kwa kukosa mtu wa kutembea dakika kumi kwenda kuuliza. Huenda wangekataliwa. Lakini hata kwenda tu kuomba kubadili jina kungemlazimu Bi B kujaza fomu upya, na kwenye fomu kuna mahali pa ugonjwa.

Kuhusu Akhwari: aliumia goti na bega kwa kuanguka, akafungwa bandeji, akaendelea akijua anachokifanya. Maumivu ya goti mtu anaweza kuyapima na kuamua. Sukari ikishuka, kinachoharibika kwanza ni kile kile unachokitumia kuamua. Kumwambia mtu wa hali hiyo ajikaze ni kumwomba atumie kitu ambacho dakika ile hana.

Yaliyookoa

Uamuzi wa mwalimu wa kumpa Bi B mtu wa kwenda naye ndio uliookoa zaidi. Bila Kaka C, ukweli kuhusu jina ungengoja mpaka mtu alinganishe sura na kitambulisho hospitalini. Kaka C anastahili sifa hata kwa kusita kwake, kwa kuwa alisema pale ambapo kusema kulikuwa na gharama inayojulikana na kunyamaza hakukuwa na gharama inayoonekana. Wahudumu walisema wangefika kwenye kipimo cha sukari hata bila yeye, na naamini, ila wasingejua kuhusu glibenclamide, na bila kujua hilo mtu aliyeamka vizuri anaweza kuruhusiwa arudi kwenye basi. Safari ya Dar ni ya usiku mzima. Mimi hapo ndipo ninapotishika, kuliko pale mtaroni.

Orodha ya vyumba ya katibu nayo ilifanya kazi. Aliitengeneza ili agawe bili za lodge tu, lakini iliwezesha kumpata mtu sahihi kwa simu moja.

Yule mama wa ndizi alikuwa karibu na ukweli kuliko wote waliokuwepo. Bi B alikuwa bado anaweza kumeza, na mtu mwenye kisukari anayetetemeka, kutoka jasho na kuyumba apewe kitu cha sukari mara moja: soda ya kawaida, juisi, glukosi ya unga. Akishapoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, atapaliwa; hapo ni kazi ya wahudumu. Na anayetumia insulini au vidonge vya kundi la glibenclamide azungumze na kliniki yake kabla ya mbio ndefu, waone kama dozi ya siku hiyo ibadilishwe na ale nini kabla. Asiache dawa kwa ushauri wa grupu. Metformin, dawa nyingine ya kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivi, kwa hiyo jina la dawa ni muhimu kuliko neno "sukari".

Walichobadilisha

Klabu ilipitisha mambo machache. Namba haihami kwa sababu yoyote, na asiyekwenda namba yake inabaki kwenye bahasha. Kila mbio yenye kundi la klabu itakuwa na wanawake wawili wa akiba, waliosajiliwa kwa majina yao tangu mwanzo na kufanya mazoezi ya umbali uleule. Hakuna kupandishwa umbali bila kukimbia kilomita 16 ndani ya mwezi wa mbio. Kila mmoja ataichukua namba yake mwenyewe na kujaza nyuma kwa mkono wake.

Lililowagawa ni taarifa za afya. Pendekezo la kwanza lilikuwa kila mtu aandike ugonjwa wake kwenye daftari la katibu, na wanawake kadhaa walikataa papo hapo, kwa haki kabisa. Daftari la katibu huachwa mezani wakati wa supu. Wakakubaliana na kadi ndogo ya plastiki inayokaa ndani ya mfuko wa pensi, yenye jina, ugonjwa, dawa na simu, isiyosomwa na mtu mpaka dharura. Bi B alikuwa wa kwanza kuitengeneza. Amerudi kwenye jogging za Jumamosi na anakimbia na kibegi kidogo kiunoni chenye glukosi.

Suala lililobaki wazi ni la ada. Mweka hazina anasema pesa ya namba ya Bi A ilitumika, kwa hiyo hairudi. Bi A anasema hakukimbia yeye. Limepelekwa kikao cha mwezi ujao.